Kafi Hufia Nchi Kavu

Utunzaji wa makafi na makasia katika nchi ya Turkana

Mgeni afikaye Lodwar kwa mara ya kwanza hatazamii kuona kafi. Mji umezungukwa na vilima vya mawe meusi, mchanga huwaka miguuni tangu saa nne ya asubuhi, na mto Turkwel, upitao chini ya mikoma na migunga, si mto wa vyombo. Ziwa lenyewe liko mbali. Kutoka Lodwar mpaka Kalokol ni safari ya kilomita 60 hivi. Hata hivyo makafi na makasia mengi ya Ziwa Turkana hupitia Lodwar kabla hayajagusa maji. Mbao njema hazipatikani kwa urahisi katika nchi kame, basi hutoka nyanda za juu, hupakiwa katika malori huko Kitale, huteremka kwa barabara ya Kapenguria karibu kilomita 300, na kufika Lodwar. Hapo hushushwa, huegemezwa ukutani nyuma ya duka lenye mabati, na kungoja. Zaweza kungoja wiki moja, zaweza kungoja miezi mitatu.

Mavuno ya ziwa nayo hurudi kwa njia iyo hiyo. Samaki waliokaushwa hupita Lodwar, na wengine huendelea tena kilomita 120 hivi upande wa kaskazini magharibi mpaka Kakuma, kwenye mto Tarach ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Kwa hiyo mwenye duka wa Lodwar na mla samaki wa Kakuma, ingawa pengine hawajapata kuingia chomboni maisha yao yote, wanautegemea ule mti mmoja ulio mikononi mwa mvuvi.

Watu wengi hudhani kwamba adui wa kafi ni maji. Si kweli. Kafi lililo majini kila siku huchakaa polepole, na mwenyewe huona linavyochakaa. Kafi linalouawa upesi ni lile linalolowa asubuhi, likatupwa juu ya mchanga wa moto mchana, likalowa tena kesho, kisha likasahauliwa juani mwezi mzima. Katika nchi ya Turkana kafi hufia nchi kavu. Ziwani huja kuvunjika tu.

Sababu yake

Mti, hata ukiisha kukatwa na kupasuliwa mbao, bado hunywa na kutoa maji. Huyatoa hewani hewa inapokuwa kavu, na huyanywa tena hewa inapokuwa na unyevu, mpaka upatane na mahali ulipo. Ubao uliokaa Mombasa, ambako hewa ya bahari ina unyevu mwingi, hubaki na maji kiasi cha asilimia 14 au 15 ya uzito wa mti mkavu. Ubao huohuo ukiletwa Lodwar, ambako mvua ya mwaka mzima ni milimita 200 hivi na joto la mchana hufika digrii 35 mara kwa mara, hushuka mpaka asilimia 9 hivi, na juani hushuka zaidi. Ubao uliopasuliwa mbichi, ambao mara nyingi ndio uuzwao kwa bei nafuu, huwa na maji zaidi ya asilimia 30.

Sasa yafaa kujua kwamba mti ukikauka haupungui sawasawa. Kwa urefu haupungui kitu cha kuonekana kwa macho. Hupungua kwa upana. Ubao mbichi wenye upana wa sentimita 20 huweza kupungua milimita 5 hata 10 kabla haujatulia. Tena ncha zake, pale nyuzi za mti zilipokatwa, hutoa maji mara kumi au zaidi kuliko ubavu wake. Basi ncha hukauka na kutaka kujikunja wakati sehemu ya kati bado imejaa maji na haikubali kufuata. Pale penye ugomvi huo ndipo ufa unapozaliwa. Ndiyo sababu nyufa za kafi huanza karibu kila mara kwenye ncha ya bapa, zikapanda polepole kuelekea shingoni.

Mwenye kafi huuona ufa wa kwanza akausamehe, maana ni mwembamba kama unywele, na kafi likitiwa majini mti huvimba na ufa hujifunga usionekane. Lakini umejifunga tu, haukupona. Mchanga mwembamba umeingia ndani yake, na mti unapovimba huibana ile mchanga kama kabari. Siku ya pili ufa ni mrefu zaidi kidogo.

Kwa nini jambo hili si dogo

Ziwa Turkana, ambalo kwenye ramani liliitwa Rudolf mpaka mwaka 1975, ni refu kupita kilomita 250, na upana wake ni kilomita 30 hivi. Si dimbwi la kuchezea. Upepo wa kusini mashariki hulipiga karibu mwaka mzima, na mara nyingi huwa mkali usiku na asubuhi kuliko mchana. Mamba nao wamo, wala si wachache.

Mwaka 1934 msafara wa wataalamu kutoka Uingereza, ulioongozwa na Vivian Fuchs, ulifanya kazi ya upimaji kandokando ya ziwa hilo. Wawili miongoni mwao, Martin na Dyson, walivuka kwa mashua kwenda Kisiwa cha Kusini. Walifika salama, maana moto wao wa ishara ulionekana kutoka pwani. Baadaye moto haukuonekana tena. Walitafutwa hata kwa ndege, lakini wao wenyewe hawakupatikana. Walikuwa watu wenye elimu, wenye chombo na vifaa, nao walipotea katika maji ambayo mvuvi wa kawaida huyaingia kila wiki ili watoto wake wale.

Hapo zamani watu wa kando ya ziwa walitumia magogo ya mikoma yaliyofungwa pamoja kuwa chelezo. Chelezo hakizami upesi, na mara nyingi kilisukumwa kwa upondo penye maji mafupi. Upondo ukivunjika, mtu aliweza kurudi. Baada ya ukame na njaa ya mwaka 1961, Serikali iliwaleta Waturkana wengi waliopoteza mifugo yao kwenye Ghuba ya Ferguson, wajifunze uvuvi. Nyavu zikaenea, na mashua za mbao pia. Katika miaka ya 1970 na 1980 Wanorwe walisaidia shughuli hiyo kwa fedha na mafundi, wakajenga hata kiwanda cha kugandisha samaki huko Kalokol, ambacho hakikufanya kazi kwa muda mrefu. Na kufika katikati ya miaka ya 1980 maji ya ile ghuba yalikuwa yamekauka. Mashua zilizobaki zilifuata maji. Jambo moja lilikuwa limekwisha badilika: mvuvi alikuwa amezoea kwenda mbali, penye kina ambacho upondo haufiki chini.

Siku hizi mashua nyingine zina mashine, na hapo uzembe huzidi. Kafi la mwenye mashine hulala chini ya ubao wa kukalia miezi mingi, halitazamwi, limetiwa mafuta machafu na magamba ya samaki, limekanyagwa. Mashine ikizima katikati ya mawimbi, ndipo linapotafutwa. Chombo kisicho na kitu cha kukielekeza hugeuka ubavu, na wimbi halina subira na chombo kilichogeuka ubavu. Kafi likivunjika shingoni saa hiyo, hakuna fundi wa kuitwa.

Kulichunguza kafi

Kwanza maneno mawili yasichanganywe. Watu wa pwani hutofautisha kafi na kasia. Kafi ni fupi, hushikwa kwa mikono miwili pasipo kufungwa popote, na mwenye kulitumia hutazama mbele. Kasia ni refu, huegemezwa au kufungwa ubavuni mwa chombo, na mpiga makasia huipa mbele mgongo wake. Barani wengi huviita vyote viwili kasia, wala si kosa kubwa; lakini kwa utunzaji kuna tofauti moja: kasia huliwa pale linaposuguana na chombo, na kafi huliwa pale linapogonga mawe na mchanga.

Mtu achunguzaye kafi atazame shingo kwanza, yaani pale mpini unapoanza kupanuka kuwa bapa. Hapo nguvu zote za mkono hukutana na ukaidi wote wa maji. Aangalie nyuzi za mti. Zikishuka moja kwa moja kutoka mpini mpaka bapa, kafi lina maisha marefu. Zikikata shingo kwa mshazari na kutokea upande wa pili, kafi hilo halifai, hata likipakwa nini. Vanishi nzuri juu ya mti wenye nyuzi za mshazari ni kama koti jipya juu ya mtu mwenye homa. Atazame vilevile kama kiini cha mti, lile duara dogo la katikati ya gogo, kimo ndani ya bapa. Kikiwamo, ufa utakuja. Ni suala la siku tu.

Kisha aligonge kwa kifundo cha kidole kutoka juu mpaka chini. Mti mzima hulia kwa sauti kali. Penye ufa uliojificha au mchwa, sauti hufa. Mwisho auweke mpini juu ya goti na kuukunja kidogo. Kafi zima hukubali kidogo na kurudi kimya. Likitoa mlio mwembamba, litengwe.

Kulisafisha na kulikwangua

Maji ya Ziwa Turkana yana magadi. Ziwa halina mto wa kutokea. Maji yaliyoingia, ambayo sehemu kubwa mno huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, hayana njia nyingine ila kupanda hewani kwa jua, na chumvi zake hubaki. Kila mtu aliyewahi kuona sabuni ikipikwa anajua kwamba mafuta yakikutana na magadi hugeuka kuwa sabuni. Jambo hilo hutokea, polepole sana, kwenye kafi lililopakwa mafuta: kila siku ya kazi hula kidogo. Tena magadi yakikauka juu ya mti huacha unga mweupe ambao huuzuia mti usinywe mafuta mapya. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote kafi lioshwe kwa maji matamu, ya mto Turkwel au ya kisima, likapanguswe kwa kitambaa na kukaushwa kivulini siku mbili au tatu. Mtu apakaye mafuta juu ya magadi amepoteza mafuta yake.

Rangi au vanishi ya zamani ikwanguliwe yote. Kipande cha kioo kilichovunjika kwa ukingo ulionyooka hufanya kazi hiyo vizuri kuliko kisu, lakini kishikwe kwa ngozi au kitambaa kinene. Kikwangue kwa kufuata nyuzi za mti, kamwe kisizikate. Baadaye msasa, wa kukwaruza kwanza, kisha mwembamba. (Neno lenyewe lina historia yake: msasa ni mti ambao majani yake makavu hukwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi wa pwani waliyatumia kusugulia mbao kabla ya karatasi za dukani kufika.) Kafi likiisha kuwa laini, lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, liachwe likauke, na vinyweleo vya mti vitakavyosimama visuguliwe tena. Kazi hii ya pili mafundi wavivu huiacha, na viganja vya wavuvi huonyesha.

Yote haya yafanywe asubuhi na mapema, kivulini. Mti uliokwanguliwa ni mti ulio uchi. Ukiachwa juani Lodwar mchana mmoja tu katika hali hiyo, huweza kupata nyufa ambazo hakuwa nazo miaka miwili.

Nyufa

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, na kosa kubwa ni msumari. Msumari hupasua mti, hupata kutu, na kutu hulegeza tundu lake lenyewe. Kosa la pili ni kujaza ufa kwa kitu kigumu kafi linapokuwa kavu kabisa. Ufa wakati huo umefunguka kadiri uwezavyo. Kafi likirudi majini mti huvimba na kutaka kuufunga ufa, lakini hauwezi kwa kuwa nafasi imejazwa; basi hupasuka mahali pengine. Ufa mwembamba usafishwe mchanga kwa uzi wa kuvulia, utiwe gundi isiyoyeyuka majini, ubanwe mpaka gundi ikauke, na juu yake pafungwe uzi wa nailoni, mzunguko juu ya mzunguko bila kuacha nafasi, halafu upakwe nta. Ufa unaofika shingoni haufungwi. Kafi hilo likatwe, liwe mwiko wa kusongea ugali.

Wafugaji wana dawa yao ya nyufa, na ni dawa nzuri mahali pake. Chombo cha mti kikipasuka, ufa hushonwa kwa ukanda wa ngozi mbichi. Ngozi ikikauka hujivuta na kubana kwa nguvu ambayo kamba haina. Juu ya mpini, pale pasipoingia majini, ngozi ya mbuzi iliyoshonwa ikiwa mbichi hufaa sana, tena huzuia mkono usiteleze. Juu ya bapa haifai, maana ngozi mbichi ikilowa hulegea, na kafi hulowa kila siku.

Mafuta

Mtu atakaye kujifunza habari za mafuta na mti katika nchi kavu asiende ziwani kwanza. Aende kwenye maboma ya wafugaji, kama yale yaliyo karibu na Kakuma. Huko kuna vyombo vya maziwa vilivyochongwa katika mti, na kuna ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho mwanamume hukikalia mchana na kukilazia kichwa usiku, akakichukua mkononi popote aendapo. Vitu hivyo huishi katika jua lilelile na upepo uleule unaopasua mbao za Lodwar, na vingine vina umri kuliko wenyewe. Siri yake haikufichwa. Hupakwa mafuta ya mifugo mara kwa mara, kabla mti haujaanza kuonyesha kiu. Ekicholong hupata tena mafuta ya mkono na ya kichwa cha mwenyewe kila siku, mpaka hung'aa kama jiwe la mtoni. Havipakwi kwa sababu vimepasuka. Havikupasuka kwa sababu vilipakwa.

Ila mafuta ya mnyama hayafai kuigwa moja kwa moja kwenye kafi. Hayakauki. Chombo cha maziwa hakihitaji kukauka juu, lakini mpini wenye mafuta huteleza mkononi, hukusanya mchanga, na usiku huita mbwa na fisi, ambao hawaulizi kama ni kafi au mfupa. Watu wa pwani hupaka vyombo vyao sifa, yaani mafuta ya papa, na chini ya maji hupaka deheni, iliyochanganywa kwa shahamu na chokaa; vyote viwili ni kwa mwili wa chombo, wala si kwa kitu cha kushikwa.

Mafuta yafaayo kafi ni yale yakaukayo, na yaliyo maarufu kwa mafundi ni ya mbegu za kitani, waitayo linsidi, yale yaliyochemshwa. Haya hayakauki kwa kupotea hewani kama maji. Hukauka kwa kuichukua hewa na kugeuka kuwa ngozi nyembamba ndani ya mti. Ndiyo sababu yapakwe kidogo kidogo. Mpako wa kwanza uchanganywe na tapentaini nusu kwa nusu, upate kuingia ndani. Baada ya dakika ishirini kilichobaki juu kipanguswe chote. Siku inayofuata mpako wa pili, usiochanganywa. Siku ya tatu mpako mwingine. Ncha ya bapa isimamishwe ndani ya kibati chenye mafuta kwa muda wa saa moja, maana huko ndiko mti unakonywa zaidi na ndiko unakopoteza zaidi. Kafi lenye kazi ya kila siku lipate mpako mmoja kila mwezi au miwili. Lililolala lipate pia, wala lisihesabiwe kuwa limepumzika.

Vanishi ni nzuri kwa macho. Katika nchi ya baridi hufaa, na ile ya mashua yaweza kufaa hapa pia kwa bapa, kama mwenyewe yu tayari kuikwangua na kuirudia kila mwaka. Lakini jua la Turkana huivunja, na ikipata mwanya mmoja maji huingia chini yake, yasiweze kutoka, na mti huoza ukiwa umevaa vizuri. Mafuta hayana hila hiyo. Yakiisha, mti huonekana umepauka, na mtu hujua la kufanya. Juu ya mpini vanishi isipakwe kabisa. Huleta malengelenge.

Oili chafu ya lori, ambayo wengi huipaka kwa kuwa haina bei, ni heri isipakwe. Haikauki, hupaka nyavu na mikono, na samaki hunuka gereji.

Onyo moja lapasa kusomwa mara mbili. Vitambaa vilivyopangusia mafuta ya linsidi visikunjwe na kutupwa pembeni. Mafuta yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulifungia joto hilo ndani mpaka kikashika moto chenyewe, pasipo kiberiti wala mtu. Mahali kama Kakuma, ambako tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992 nyumba nyingi zimesongamana na upepo haupungui, kitambaa kimoja chaweza kuwa hasara ya mtaa mzima. Vitandikwe kimoja kimoja juu ya mawe, nje, mpaka viwe vigumu, au vitiwe ndani ya debe la maji.

Mti uliopo karibu

Kakuma ina mafundi wa mbao wengi kuliko mtu adhaniavyo. Shule ya ufundi ya Don Bosco imefundisha useremala humo kambini, na miongoni mwa wakimbizi wamo watu wa nchi za mito na maziwa, kama Kongo na Burundi, ambako kafi ni chombo cha kila siku. Wanachokosa ni mbao. Nao wamezungukwa na mti ambao karibu kila mtu anaulaani.

Mathenge, ambao Waturkana huuita etirae, uliletwa nchini humo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili uzuie mchanga na uwape watu kuni. Ulikubali kupita kiasi. Umejaza kingo za Turkwel na Tarach, miiba yake hutoboa matairi, na mbuzi walao maganda yake kwa wingi huharibika meno. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini mbao yake ina sifa moja ambayo nyanda za juu haziwezi kuileta kwa lori: ikikauka hupungua kidogo mno kuliko mbao nyingi. Ni ngumu, tena nzito, na mara nyingi imepinda. Kafi zima la mathenge lingemchosha mvuvi kabla ya saa moja, na kupata kipande kirefu kilichonyooka ni bahati. Kwa hiyo itumiwe penye kuliwa: ukingo wa ncha ya bapa, uliounganishwa kwa gundi na vijiti vya mti badala ya misumari, kishikio cha juu cha mpini, na vipande vya kukingia ubavu wa chombo pale kasia linaposugua. Mti wenyewe haununuliwi. Mwenye panga na ruhusa ya kukata anao.

Kuhusu mbao zitokazo Kitale, mwenye duka wa Lodwar aweza kuokoa nyingi kabla fundi hajazigusa. Aagize ncha zake zipakwe rangi au nta kabla hazijapakiwa. Zikifika, asiziegemeze kwenye mabati, maana bati la mchana ni kikaango. Azilaze kivulini juu ya vipande vya mti, nafasi ya vidole viwili kati ya ubao na ubao, mbali na ardhi kwa ajili ya mchwa, na azifunike kwa makuti ya mkoma badala ya turubai, ili hewa ipite polepole. Zikae hapo miezi kadhaa, zikubaliane na hewa ya Lodwar, ndipo zichongwe. Mnunuzi atauliza kwa nini bei yake imezidi ya jirani. Amwonyeshe ncha za mbao za jirani.

Kafi likiisha mpako wa tatu, litundikwe chini ya kivuli, bapa chini, lisiguse udongo, siku tatu nyingine au nne mpaka harufu ya mafuta ipungue na kiganja kikipitishwa kisibaki na unyevu. Ndipo liviringwe kwa gunia na kufungwa garini kwa safari ya Kalokol, juu ya mizigo asubuhi, na chini ya mizigo ikiwa gari litaondoka Lodwar baada ya saa nne.